Mama wa Picha za Tumboni

Jeli yake haikuwa ya baridi. Wanawake waliopimwa kwingine hawaamini wakisikia hivyo, kwa sababu kitu wanachokikumbuka zaidi kuhusu altrasaundi ni ule ubaridi unaomwagwa chini ya kitovu bila taarifa. Yeye chupa ya jeli aliisimamisha ndani ya jagi la plastiki, akamimina humo maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, na kabla ya kukupaka alijipaka kidogo kwenye kifundo cha mkono wake, kama mtu anayepima uji wa mtoto.

Mtaani kwetu Mbwawa tulimwita Mama wa Picha. Alifanya kazi kwenye zahanati moja ya binafsi pale Mlandizi, chumba cha mwisho upande wa kushoto, penye pazia la kijani. Nyumbani alikuwa jirani yetu, ua kwa ua, tangu nikiwa darasa la sita. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, wapo wanaoweza kueleza vizuri kuliko mimi. Mimi ninaandika kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikibishana naye kichwani. Kuna karatasi aliyoiandika kunihusu, ina mistari mitatu, na kwa miaka minne ilitumika nyumbani kwetu kuthibitisha kwamba siumwi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kama yeye mwenyewe aliiamini.

Maumivu yangu yalianza kidato cha pili. Kila mwezi siku mbili kabla ya damu, na siku tatu ndani yake, kitu kilinivuta upande wa kushoto chini ya tumbo hadi kwenye paja, na kwenda chooni siku hizo ilikuwa adhabu. Mama yangu alisema ni chango. Shangazi alisema ni chango. Matroni wa bweni alisema ni chango na kwamba nikizaa litaisha, akaniambia hivyo nikiwa na miaka kumi na tano nimejikunja sakafuni. Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko inavyofaa: kwamba dawa yangu ilikuwa ni mtoto, na kwamba mpaka huyo mtoto apatikane ilinipasa kuvumilia bila kelele.

Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani kungoja ajira, Mama wa Picha alinitafutia nafasi ya kujitolea mapokezi pale zahanati. Nilikaa miezi saba. Nilikuwa nimeshapimwa naye tayari, na nitafika huko, lakini ilikuwa katika miezi hiyo nilipomwona akifanya kazi, maana meza yangu ilikuwa hatua nne kutoka kwenye pazia lake na sauti yake haikujua kunong'ona.

Alikuwa na desturi ya kuwatoa wasindikizaji. Mwanamke hafiki peke yake kwenye kipimo cha tumbo. Anakuja na mama, na wifi, au na mume aliyeshika bahasha. Mama wa Picha hakuwahi kusema "tokeni nje." Alimgeukia msindikizaji kwa adabu zote na kumwomba amnunulie chupa ya maji dukani ng'ambo ya barabara. Barabara ile ina malori, kuvuka kwake ni kazi. Muda huo mfupi ndio uliokuwa wake wa kumuuliza mgonjwa maswali ya kweli. Siku moja mume mmoja alichungulia ndani akasema:

"Lakini mama, maji si hayo dirishani? Naona chupa sita."

"Hayo yamepigwa na jua, baba. Mimi koo langu linataka ya baridi."

"Hata ile ya mwisho kule kivulini?"

"Hiyo ndiyo ya moto kuliko zote. Nenda baba, usinikaushe."

Akaenda. Tulikunywa maji ya wasindikizaji zahanati nzima, kuanzia daktari hadi mlinzi.

Kuhusu kibofu alikuwa mkali. Kwa kipimo cha juu ya tumbo unatakiwa unywe maji kama lita moja, saa nzima kabla, na usiende haja ndogo, kwa sababu kibofu kikijaa kinasukuma utumbo pembeni na mji wa mimba unaonekana. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwaeleza wagonjwa hilo, na niliwaeleza kwa wasiwasi wote nilionao, mara tatu tatu. Bado kuna bibi mmoja aliyetoka Mzenga asubuhi, akaja na khanga safi, akanyoosha miguu kitandani.

"Maji umekunywa, bibi?"

"Nimekunywa, mwanangu. Yule binti wa mezani kanijaza kama mtungi."

"Na mkojo umebana?"

"Nimeutoa hapo nyuma kwanza. Ningekuletea mkojo mtu mzima kama wewe? Nina adabu zangu."

Nilimsikia Mama wa Picha akicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwagizia maji upya, akamkalisha kwenye benchi, na huyo bibi ndiye aliyetusimulia habari za Mzenga mchana kutwa.

Kipimo cha ndani kilikuwa jambo jingine, na hapo kelele zake zilipungua. Kwanza alikutuma chooni ukamalize haja ndogo, kinyume cha kile cha juu. Kisha alikuonyesha kifaa kabla hujavua chochote: fimbo ya plastiki, unene wake kama wa vidole viwili. Alikivalisha kondomu mpya mbele ya macho yako, akakipaka jeli, akakupa ukishike. "Kishike, ukijue," alisema. "Kitu usichokijua ndicho kinachouma." Akakufunika shuka mpaka magotini. Ukitaka ukiingize mwenyewe, uliingiza mwenyewe. Halafu alisema maneno ambayo niliyaandika kwenye simu yangu siku ya kwanza niliyoyasikia: "Ukisema acha, naacha. Huna haja ya kunieleza sababu."

Ilichukua kama robo saa. Hakuwa anatazama tu, alikuwa anasukuma taratibu, upande huu na upande ule, akiangalia kwenye skrini kama ovari na mji wa mimba vinateleza. Vilivyo vizima huteleza, alieleza. Kinachogoma kuteleza kimegandishwa na kitu. Na kila aliposukuma aliuliza: hapa je? Na hapa? Alitafuta maumivu kwa makusudi, na alipoyapata aliomba radhi. Kwa walioandikiwa na daktari neno hilo refu, endometriosisi, alilieleza bila kulikuza: nyama inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba imeota nje yake, pasipo mahali pake, na kila mwezi inachokozeka na kuvimba.

"Altrasaundi ni tochi," aliwaambia wakiwa wanavaa. "Inamulika inapoelekezwa. Uvimbe wa damu kwenye ovari nitauona. Vilivyoganda, nikibahatika nitaviona. Lakini vile vidogo, vilivyotawanyika kama chumvi, tochi hii haivioni. Nikikuambia sijaona, usiende nyumbani ukasema hakuna. Rudi kwa daktari. Kipimo cha kwanza ni mdomo wako wewe."

Niliyasikia hayo nikiwa mezani, nikiandika majina kwenye daftari la wagonjwa, na nilitaka kuinuka niende nyuma ya pazia nimuulize: na mimi je?

Nikirudi kwenye tabia zake, alikuwa mtu mwenye kujipinga. Aliwagombeza wanawake kwa kunywa mizizi bila kupima, na yeye goti lake alilitibu kwa mizizi aliyoletewa kutoka Kisarawe kwenye chupa ya soda, na hakuna daktari aliyewahi kuliona goti hilo. Aliwaambia watu wapige kelele wanapoumwa, lakini jino lake lilimsumbua mwaka mzima na dawa yake ilikuwa karafuu na kununa. Alichukia kupigwa picha. Kwenye harusi za mtaani mpiga picha akikaribia, alikumbuka ghafla kitu jikoni.

Na alikuwa mpweke. Hili sikulielewa nikiwa mdogo, nililielewa nilipoanza kuwa mpweke mwenyewe. Mwanaye mmoja alikuwa Mwanza, akipiga simu Jumapili. Alipika kwenye sufuria ndogo, akala akiwa amesimama mlangoni. Sababu ya upweke wake nadhani ilikuwa kazi yake. Alikuwa ameona ndani ya nusu ya wanawake wa Mbwawa. Alijua mimba kabla ya waume kujua, na alijua zile ambazo hazikufika popote. Hakuwahi kutoa neno, hata moja, nami nilikuwa jirani yake kwa miaka yote hiyo nikisikiliza. Lakini kujua tu kulitosha. Wanawake aliowapima walimsalimia kutoka ng'ambo ya njia. Kwenye misiba alikaa na waosha vyombo, kwa sababu kwenye mkeka wa wanawake kila alipoketi mazungumzo yalihama. Hata mwanamke aliyesaidiwa naye sana alimkwepa, pengine huyo zaidi ya wengine.

Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilipimwa naye nikiwa mwaka wa pili chuoni, wakati wa likizo. Daktari wa wilaya alikuwa ameniandikia kipimo cha nyonga. Tungeweza kwenda popote, Dar ni karibu. Lakini mama yangu alisema, kwa nini tupange foleni kwa watu wasiotujua wakati tuna mtu wetu? Ndivyo tulivyo. Tukiumwa, kabla ya kutafuta daktari tunatafuta anayemjua daktari. Tukienda mahali tunapojulikana tunaona tumeshapona nusu. Na kweli, tulipofika Mlandizi tuliwapita watu tisa kwenye benchi, mama akiwapa pole kana kwamba tunaenda kuzika.

"Mama Neema," alisema Mama wa Picha, "nisaidie chupa ya maji ya baridi hapo ng'ambo."

Mama akaenda. Nilibaki nimelala, kibofu kimenijaa mpaka machoni. Akavuta kiti karibu.

"Neema, mwanangu. Umeshakutana na mwanamume?"

Nilikuwa nimeshakutana. Alikuwa mmoja, tulisoma naye, na nilikuwa nimemwacha kwa sababu iliniuma na sikujua namna ya kumwambia inauma. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilifikiria, na nikianza kufikiria sisimami. Nilifikiria kwamba anaazima kwetu kinu. Kwamba jioni hukaa na mama wakizungumzia kuku. Kwamba hata asiposema, siku moja mama atamtazama usoni na kusoma. Kwamba baba alikuwa mzee wa kanisa. Yule mgeni wa Dar nisiyemjua ningemwambia. Huyu, kwa sababu alikuwa mtu wetu, sikuweza.

"Hapana, mama."

Alinitazama. "Kama ni hapana, nitapima kwa juu tu. Kwa juu vingine havionekani, hasa vya huko nyuma. Zipo njia nyingine hata kwa wasichana, daktari anaweza kukueleza, ila hapa kwangu hazipo. Kwa hiyo nakuuliza tena, si kwa ubaya."

"Hapana."

Jeli ilikuwa ya vuguvugu. Alipita katikati, akapita kulia, akafika kushoto, akabonyeza. Nilihisi lile vuto lote mpaka kwenye paja. Niliangalia dari. Kulikuwa na doa la maji lenye kingo za kahawia, nikalizunguka kwa macho mara mbili, na sikutoa sauti. Akabonyeza tena palepale. Mama akaingia na maji.

Karatasi ilisema mji wa mimba ni wa ukubwa wa kawaida, ovari zimeonekana, hakuna kasoro iliyobainika. Mama wa Picha alisema turudi nayo kwa daktari. Hatukurudi. Mama aliisoma kwenye benchi, akaikunja, akavuta pumzi ya mtu aliyetua mzigo. "Umeona? Huna kitu." Nyumbani aliiweka kwenye faili la vyeti vyangu, baada ya cheti cha kidato cha sita.

Baada ya hapo kila mwezi karatasi iliongea kwa niaba ya kila mtu. Nikishindwa kuamka: kipimo kimesema nini? Nikikataa kula: si ulipimwa? Mama hakuwa mkatili. Alikuwa ameogopa sana, na karatasi ile ilimwondolea hofu, na hakutaka mtu amrudishie. Ila mimi nilianza kujiuliza kama kweli naigiza. Nilikuwa najichunguza nikiwa katikati ya maumivu, nikiuliza: hapa umekunja uso kwa sababu inauma, au ili waone? Sijui upweke mkubwa kuliko huo, wa kutoamini mwili wako mwenyewe. Na Mama wa Picha nilianza kumsalimia kutoka ng'ambo ya njia.

Alipostaafu alihamia shambani kwake Mzenga. Aliondoka na kuku na jagi, na jirani aliyekuja kumuaga alikuwa mama yangu peke yake. Mimi nilikuwa ndani, nimelala na chupa ya maji ya moto tumboni.

Mwaka huu nimepata kazi ya mkataba Kibaha, na wiki ya tatu nilianguka ofisini. Mwenzangu mmoja alinipeleka hospitali Dar. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, simjui, hanijui, na aliponiuliza lile swali nilijibu kabla hajalimaliza. Walinipima kwa ndani. Nilijua kila hatua itakayokuja, chooni kwanza, kondomu, jeli, shuka, na bado niliogopa. Jeli ilikuwa ya baridi. Ovari ya kushoto ilikuwa na uvimbe wenye damu ya zamani, na ilikuwa imegandana na mji wa mimba kwa nyuma. Haikuteleza.

"Hata kama picha ingetoka safi nisingekuambia huna kitu," daktari alisema. "Umeumwa miaka yote hii." Nililia, na alidhani nalia kwa sababu ya upasuaji. Ni wa matundu madogo, Jumanne ijayo. Wataona kama ovari inaweza kubaki. Kuhusu watoto hakuniahidi wala hakunitisha.

Sikumwambia mama. Jumamosi nilipanda bodaboda Mlandizi nikaenda Mzenga, na njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na hotuba tatu, moja ya hasira, moja ya adabu, na moja fupi ikitokea nikashindwa.

Alikuwa anapukuchua mahindi uani. Amepungua. Goti limemzidi, ananyanyuka kwa kushika ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Neema huyu? Mbona umekonda hivyo, au ndiyo mtindo wa maofisini?"

Nikashindwa hotuba zote. Nikampa karatasi ya Dar. Aliishika mbali na macho, akaisoma taratibu hadi mwisho, akaanza tena juu.

"Kushoto," alisema.

"Kushoto."

"Nilipobonyeza kushoto ulishika ukingo wa kitanda."

Sikujua hilo. Nilikuwa nimekumbuka dari tu. "Uliona?"

"Niliona. Nikabonyeza mara ya pili nihakikishe. Na lile jibu lako nilijua si kweli, nimewauliza swali hilo wanawake wangapi? Ningeweza kuandika: mgonjwa ana maumivu makali kushoto akibonyezwa, kipimo hakijakamilika, afanyiwe cha ndani. Mstari mmoja." Aliinamia ungo. "Mama yako alikuwa ameshaingia. Nikafikiri, nikiandika afanyiwe cha ndani, ataniuliza kwa nini, ataniuliza jioni, kwangu pale mlangoni. Nitamdanganya au nitakuchongea. Nikachagua ujirani."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo kwa miaka, na yalipokuja sikupata raha niliyoitarajia. Nilimwona tu mwanamke anayekaa peke yake na ungo wa mahindi.

"Na mimi ndiye niliyedanganya," nilisema.

"Wewe ulikuwa mtoto umelala. Mimi nilikuwa kazini."

Tulipukuchua wote wawili kwa muda. Kisha akauliza upasuaji ni lini, na nani atanisindikiza. Nikasema Jumanne, na kwamba hajui mtu yeyote zaidi ya mwenzangu wa ofisini.

"Mama yako?"

"Ataniambia karatasi ya kwanza ilisema sina kitu."

"Ile niliiandika mimi. Acha niifute mimi." Akanyoosha mkono kuomba simu yangu. "Niseme mangapi?"

Kwa kawaida swali kama hilo lingenichukua wiki. "Yote," nilisema. "Hata lile nililokudanganya."

Akachukua simu akaenda nayo mpaka mwisho wa shamba, kwenye mwinuko penye mtandao, akitembea kwa kuegemea jembe. Nilimwona kwa mgongo. Mkono wake mmoja ulikuwa unapaa na kushuka, halafu ukaacha kupaa, akawa anasikiliza tu. Sikusikia neno. Alisimama huko muda mrefu mno, na mimi nilipukuchua gunzi ambalo halikuwa na punje tena.

Kisha akaniita kwa kiganja. Nilipofika alinipa simu ikiwa bado hewani, akaanza kurudi, aniachie nafasi.

Nikaiweka sikioni. Nilimsikia mama akipumua, na mbali nyuma yake nikasikia mtaa wetu, mtu anagonga bati. Sikumsaidia. Nilingoja.

"Neema," alisema mwishowe, sauti yake ikiwa ndogo. "Inauma wapi, mwanangu?"

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza. Nilikaa chini kwenye udongo, nikaanza kumwambia.